Familia ya Askari Inapohamishwa: Mtaa Huchaguliwaje?

Tuchukue mfano wa Fort Belvoir, kambi ya jeshi la Marekani iliyoko Kaunti ya Fairfax, Virginia, kusini mwa Washington.

Posho ya nyumba ya askari hupangwa kwa cheo, kwa kuwa au kutokuwa na wategemezi, na kwa mahali kilipo kituo chake cha kazi. Mtaa anaoishi hauhesabiwi. Hivyo akipanga Woodbridge, kusini zaidi, kwa kodi nafuu, posho yake haipunguzwi. Wengi huvutwa na hilo, wakaisahau foleni ya asubuhi ya barabara kuu ya I-95.

Kwa maoni yetu, aulizwe kwanza mzazi atakayebaki na watoto mwenzake akitumwa mbali kikazi. Je, zahanati, duka na jirani wa kuaminika viko karibu? Nyumba kubwa haimsaidii usiku mtoto akiwa na homa.

Shule ya umma kwa kawaida hufuata anwani, na mpaka waweza kupita katikati ya mtaa mmoja. Familia iulize ofisi ya elimu kabla ya kutia saini, isitegemee neno la dalali.

Aliyepanga ana kinga: sheria ya mwaka 2003 inamruhusu askari aliyepewa amri ya uhamisho kuvunja mkataba wa pango bila adhabu, akitoa taarifa ya maandishi pamoja na nakala ya amri hiyo. Aliyenunua nyumba hubaki na mkopo wake, hata akihamishwa tena.