Kijani-kijivu: Rangi tulivu inayobadilika ikifika ukutani

MWENYE nyumba anayenunua rangi ya kijani-kijivu katika duka la Mwanga, mjini Kigoma, anaweza kushangaa siku chache baadaye, pale ukuta wa sebule yake unapoonekana wa buluu asubuhi, wa mchanga jioni na wa majivu matupu usiku.

Wengi humtuhumu fundi kuwa ametia maji kupita kiasi, au muuza duka kuwa ametoa kopo lisilo lenyewe. Mara nyingi hakuna aliyekosea.

Kijani-kijivu ni kijani kilichopunguzwa makali kwa nyeupe, nyeusi kidogo na pengine hudhurungi, hadi kikafanana na jani la mkaratusi au maji ya Ziwa Tanganyika mvua inapokaribia. Kwa kuwa kijani chenyewe ni kidogo, mwanga unaoingia chumbani na vitu vilivyo jirani huivuta rangi hiyo kwa urahisi. Nyekundu iliyokolea hubaki nyekundu popote ilipo. Rangi iliyofifia hufuata mazingira.

Na mazingira ya Kigoma si ya kawaida. Sehemu kubwa ya mji imejengwa kwenye miteremko inayotazama ziwa upande wa magharibi. Aidha, saa za Tanzania ni moja nchi nzima, hivyo jua huzama Kigoma takriban dakika 40 baada ya kuzama Dar es Salaam, yaani karibu saa 1:00 usiku.

Katika saa hizo za mwisho mwanga wa manjano na wekundu hupenya moja kwa moja kwenye madirisha yanayoelekea ziwani. Ukuta wa kijani-kijivu ulioonekana baridi asubuhi hugeuka kuwa kama wa mchanga. Kwa chumba cha namna hiyo ni afadhali kuchagua kijivu chenye ubuluu kidogo, kwani jioni itakipa joto la kutosha.

Chumba cha upande wa kusini ni kinyume chake. Kuanzia takriban wiki ya pili ya Machi hadi wiki ya kwanza ya Oktoba jua la mchana hupita kaskazini mwa Kigoma, na chumba hicho hukaa kivulini sehemu kubwa ya mwaka. Humo kijivu cha ubuluu huonekana kizito na cha huzuni. Kinachofaa ni kijani-kijivu chenye umanjano. Ujiji, ambako nyumba nyingi zimo chini ya miembe, mwanga unaoingia ndani umekwishachujwa na majani, hivyo ukuta huongezewa ukijani ambao haumo ndani ya kopo.

Jirani mwingine wa kuzingatia ni wekundu. Udongo mwekundu wa uani, matofali ya kuchoma na sakafu ya saruji nyekundu hufanya kijivu kilicho karibu kionekane cha kijani zaidi.

Jambo hilo lilielezwa na mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, katika kitabu chake cha mwaka 1839. Chevreul, aliyekuwa msimamizi wa utiaji rangi nyuzi katika kiwanda cha Gobelins jijini Paris, alichunguza malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hicho zilikuwa hafifu. Alibaini kuwa nyuzi hazikuwa na kasoro, bali rangi zilizofumwa kando yake ndizo zilizozidhoofisha. Naye fundi wa Mwanga angefurahi kuwa na shahidi kama huyo.

Kwa sababu hizo, kadi ndogo ya rangi haitoshi kuamulia. Njia ya uhakika ni kununua kopo dogo, kupaka ubao wenye upana wa karibu mita moja mara mbili, na kuusimamisha chumbani asubuhi, alasiri na usiku taa ikiwa imewashwa. Ubao ukauke kwanza, maana rangi ya maji ikikauka hukolea. Taa nazo ni mbili: nyeupe huivuta rangi kwenye ubuluu, na ya manjano huirudisha kwenye udongo.

Kuhusu vitu vya kuambatana nayo, mninga hauna mpinzani. Uhudhurungi wa mbao hiyo huupa ukuta uhai bila kugombana nao. Dari ni bora iwe ya rangi ya maziwa kuliko nyeupe kabisa, na kitenge kimoja chenye manjano au nyekundu kwenye mito ya makochi kinatosha. Vikiwa vitano, utulivu uliotafutwa hupotea. Jikoni, ambako mawese huacha madoa ya rangi ya chungwa, itumike rangi inayoweza kuoshwa. Ifahamike pia kuwa ukungu wa masika hujificha vizuri mno katika rangi hii, hivyo kuta zenye unyevu zikaguliwe mara kwa mara.

Hasara kubwa hutokea rangi inapokwisha katikati ya kazi. Rangi ya kijani-kijivu iliyochanganywa kwa mkono hairudiwi kwa usahihi, na Kigoma iko takriban kilomita 1,250 kwa reli kutoka Dar es Salaam. Sebule ya mita 4 kwa 3.5 yenye kimo cha mita 2.7 ina kuta za takriban mita za mraba 37 baada ya kuondoa mlango na madirisha. Lita moja ikifunika mita 10 za mraba, kupaka mara mbili huhitaji karibu lita 8. Zote zichanganywe katika chombo kimoja kabla ya kuanza, na plasta mpya iachwe wiki nne ikauke.

Tahadhari ya mwisho inahusu milango na madirisha ya zamani yaliyopakwa rangi ya mafuta. Baadhi ya rangi hizo, hususan za manjano na kijani kikali, zilitengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo Shirika la Afya Duniani linasema hayana kiwango kinachojulikana kuwa salama. Vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Msasa upigwe kwa maji, watoto wakiwa nje ya nyumba, na vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kufagiwa.