UKIONA VYAELEA, VIMEUNDWA
Gari la zamani la Buyenzi na daftari la mwanagenzi



Mtu akitafuta kipuri Bujumbura, mwisho wa safari yake ni Buyenzi. Huko fundi wa moteri, fundi wa bodi, fundi wa umeme na mshona viti wanakaa ukuta kwa ukuta, na Kiswahili ndiyo lugha ya kazi. Gari lililoshindikana kwingine huletwa Buyenzi likivutwa kwa kamba, na mara nyingi huondoka kwa moteri yake.

Safari hii tunawaeleza juu ya kazi moja iliyofanyika huko, kazi ya kulirudisha gari la zamani liwe kama siku lilipotoka kiwandani. Huenda mwenzetu akauliza: mambo ya matajiri na magari yao yanatuhusu nini sisi tunaochuma chai Teza au kukata miwa Moso? Tunamwomba asome mpaka mwisho.

GARI LENYEWE

Gari lilikuwa Peugeot 404 ya mwaka 1968. Wazee wanalikumbuka vizuri. Gari la aina hii lilianza kuuzwa mwaka 1960, gia yake iko kwenye usukani, na moteri yake imelazwa ubavu. Lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968, juu ya barabara za matope na vumbi. Kwa hiyo watu wa huku walilipenda kama walivyopenda jembe zuri.

Lakini hili lililoletwa Buyenzi lilikuwa 404 kwa sura tu. Moteri ilikuwa ya Toyota. Taa za nyuma zilikuwa za gari jingine, viti vya basi dogo, na nyaya za umeme zilifungwafungwa kwa mpira kama mzigo wa kuni. Mwenye gari anaishi ng'ambo. Alimtuma msimamizi wake na neno moja: "Nataka lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Kitu kigeni kisibaki."

Fundi mkuu, mzee wa miaka mingi katika kazi, alilizunguka gari, akafungua boneti, akacheka. Ile moteri ya Toyota aliiweka yeye mwenyewe. Ilikuwa wakati wa vikwazo, pale nchi jirani zilipotufungia njia za biashara kuanzia Julai 1996 mpaka Januari 1999. Kipuri cha Peugeot hakikupatikana, na mwenye gari wa wakati ule alikuwa na wagonjwa wa kupeleka hospitali. Mzee akakata, akalehemu, akatengeneza vishikizo vya chuma cha reli, gari likatembea.

"Wakati ule walinisifu kwa kuitia," akatuambia. "Leo watanisifu kwa kuitoa."

KUTENGENEZA NA KURUDISHA SI KITU KIMOJA

Sisi tumezoea kutengeneza. Gari limeharibika, fundi anatafuta njia yoyote litembee tena. Akikosa bolti ya namba 12, anachonga ya namba 13. Huo ni ufundi mkubwa, na nchi nyingi za Afrika zinatembea kwa ufundi huo.

Kurudisha ni kazi nyingine. Hapo fundi haruhusiwi kubuni. Anatakiwa kujua bolti ile ilikuwa ya aina gani, rangi ya chini ya boneti ilikuwa na mng'aro au haikuwa nao, waya upi ulipita wapi na kwa rangi gani. Kila kinachofunguliwa hutiwa mfukoni, mfuko ukaandikwa. Bodi huvuliwa rangi mpaka bati tupu, kutu ikakatwa, kipande kipya kikapigwa kwa nyundo mpaka kifuate mkunjo wa zamani. Mastiki nene ni haramu, maana inaficha kazi mbaya. Mwisho fundi anafunga upya yote aliyofungua, na kama alisahau kuandika, hapo ndipo atakapolia.

Moteri ya asili iliuzwa zamani. Karatasi za gari zilikuwa na namba yake. Mzee alikumbuka aliyeinunua, akamfuata mpaka Rumonge, na bloku ikapatikana nyuma ya nyumba chini ya makuti ya michikichi, namba yake ikisomeka baada ya kusuguliwa. Kumbukumbu ya mzee huyo haiuzwi dukani, wala haikuandikwa katika kitabu chochote cha kiwanda.

MAREKANI WANAKWENDA MBALI ZAIDI

Kazi hii imeenea sana Marekani, hasa kwa yale magari ya nguvu ya miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970, gari la kawaida lililotiwa moteri kubwa kupita kiasi. Pontiac GTO ya mwaka 1964 ilikuwa na moteri ya silinda nane na nguvu ya farasi 325. Siku hizi wenye mali wanayatafuta, na wanalipa zaidi likiwa kama lilivyozaliwa. Mwaka 2014, Plymouth Hemi 'Cuda ya wazi ya mwaka 1971 iliuzwa katika mnada mjini Seattle kwa dola milioni 3.5.

Sasa sikilizeni jambo la kushangaza. Kiwandani, wafanyakazi wa mkanda walikuwa wakitia alama. Mmoja akishakaza bolti, anapaka tone la rangi kuonyesha imekazwa. Mkaguzi anaandika namba kwa chaki juu ya bati. Karatasi ya kuonyesha gari lifungwe vitu gani ilipomaliza kazi, mfanyakazi aliichomeka kwenye springi za kiti, maana mkanda haungoji mtu akatafute pipa la taka. Mpiga rangi aliyekimbizwa na mkanda aliacha rangi imerukia pasipotakiwa.

Leo mafundi wa Marekani wanazirudisha alama zote hizo. Wanaichora chaki ileile mahali palepale. Wanaipulizia rangi ivuke mpaka kama ilivyovuka. Waamuzi wa mashindano huinama chini ya gari na taa kuzikagua, na karatasi ya kwenye springi ikipatikana, bei ya gari hupanda. Hata Nairobi, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, magari ya zamani hushindanishwa, na waamuzi hutazama mpaka tumbo la gari.

Kwa hiyo mnunuzi anayelipa mamilioni analipia nini? Analipia mkono wa mfanyakazi, haraka yake na hata makosa yake. Lakini jina la mfanyakazi huyo halimo katika hesabu.

NANI ALIYETIA ALAMA HIZO?

Gari lile la dola milioni 3.5 ni la aina iliyofungwa katika kiwanda cha Hamtramck, karibu na Detroit. Tarehe 2 Mei 1968 wafanyakazi wa kiwanda hicho waligoma kwa sababu mkanda uliongezwa mwendo. Waligoma Weusi na Weupe pamoja, lakini adhabu iliwaangukia zaidi Weusi. Ndipo wafanyakazi Weusi wakaunda kundi lao la mapambano, likaitwa DRUM. Kiwanda kilifungwa mwaka 1980, kisha kikabomolewa. Magari yake yamebaki.

Peugeot 404 nayo ilijengwa Sochaux, Ufaransa. Mwaka huohuo wa 1968, tarehe 11 Juni, polisi walikuja kuwatoa kiwandani wafanyakazi waliogoma. Siku ile walikufa wawili: Pierre Beylot, aliyepigwa risasi, na Henri Blanchet, aliyeanguka kutoka ukutani. Gari la Buyenzi ni la mwaka ule na la kiwanda kile. Tulipowasimulia mafundi habari hii, mmoja aliacha msasa, akaliweka bati chini polepole.

"NI RANGI TU"

Kazi ilichukua miezi minane. Walikuwa watu wanne: mzee wa moteri, fundi wa bodi, fundi wa umeme na mwanagenzi mmoja kijana. Bei ilipatanwa kwa mdomo siku ya kwanza, kabla rangi ya zamani haijavuliwa na kutu kuonekana. Siku ya mwisho, gari linang'aa, msimamizi alitoa bei ileile ya siku ya kwanza. Fundi wakamweleza habari ya kutu, ya Rumonge, ya nyaya zilizotandazwa upya. Akajibu: "Ni rangi tu. Gari lilikuwa linatembea."

Wakaja kwetu chamani. Tuliwauliza: mna mkataba? Hawana. Mna risiti? Chache. Tukaanza kukata tamaa, ndipo yule mwanagenzi akatoa daftari la shule lenye mafuta ya moteri kwenye jalada. Alikuwa ameandika kila siku: nani alifanya kazi, kazi gani, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi. Hakutumwa na mtu. Alisema aliandika ili asisahau alichofundishwa.

Tulikaa jioni mbili tukijumlisha. Zilipatikana saa 2,140. Tulinakili kurasa zote, tukampelekea mwenye gari huko ng'ambo, na kumkumbusha kwamba garaje za Ulaya na Marekani huhesabu zaidi ya saa 1,000 kwa kazi ya namna hii na hutoza kila saa. Alikaa kimya majuma matatu. Kisha alilipa kwa mara mbili, isipokuwa saa za mwezi wa mwisho, ambazo mpaka leo hajazilipa. Mwanagenzi alipata mshahara wake wa kwanza.

Kabla kiti cha nyuma hakijafungwa, mafundi wale waliandika majina yao manne kwa chaki ya mafuta juu ya bati la chini. Tulimwuliza mzee: si umeambiwa kitu kigeni kisibaki? Akasema: "Hicho si kigeni. Hata kiwandani waliandika."

TUSHIKE HAYA

Kwa wenzetu wa garaje:

1. Msipatane bei ya kazi nzima kabla gari halijavuliwa. Pataneni kwanza bei ya kulifungua na kulikagua, kisha andikeni mkataba wa yaliyobaki, na malipo kwa kila hatua.

2. Mwanagenzi ni mfanyakazi. Apewe chakula, posho, na cheti cha aliyojifunza.

3. Breki na klachi za magari hayo ya zamani zina asbesto. Vumbi lake linaua mapafu polepole, baada ya miaka mingi. Msilipulize kwa kompresa. Lowesheni, mfute kwa kitambaa cha maji. Rangi za zamani zina risasi, na risasi huingia damuni, kwa hiyo pigeni msasa wa maji, mnawe kabla ya kula. Anayepuliza rangi avae barakoa ya kuzuia mvuke. Kitambaa puani hakitoshi.

Na kwa wenzetu wa viwandani na mashambani: mchuma chai anaijua mizani, na mkata miwa anaijua mistari yake. Lakini hesabu iko katika kitabu cha nani? Kama iko katika kitabu cha tajiri peke yake, basi siku ya ubishi atasoma tajiri peke yake. Nunua daftari. Andika tarehe, saa, kilo, mistari. Asiyejua kuandika amwombe mwanawe, au aje tawini, tutamwandikia.

Wazee walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi tunaongeza: aliyeunda aandike saa zake.

Umoja ni nguvu.