Skrubu 47 na Zamu Mbili za Mafundi

Mara nyingi chombo huharibika si kwa sababu fundi hajui kazi yake, bali kwa sababu mafundi ni wengi na kila mmoja hudhani mwenzake amekwisha kuimaliza.

Usiku wa tarehe 10 Septemba 1991, katika karakana ya ndege mjini Houston, Marekani, mafundi wa zamu ya jioni walifungua skrubu za bawa dogo la mkiani, kulia na kushoto, ili mipira ya kuondolea barafu ibadilishwe. Zamu ya usiku ilibadilisha mpira wa kulia tu. Wa kushoto uliahirishwa. Kumbe skrubu 47 za upande wa kushoto, kwa juu, zilikwisha kutolewa, wala jambo hilo halikuandikwa kwenye kadi ya kazi. Bawa hilo liko kileleni mwa mkia, na aliyesimama chini hawezi kuziona. Asubuhi ndege ikapakia abiria. Ilipokuwa ikirejea Houston kutoka Laredo, ukingo wa mbele wa bawa ulichomoka angani, na watu wote 14 waliokuwamo wakafa.

Aliyefungua alijua. Aliyepokea zamu hakujua.

Lori la kikosi, au gari la kituo cha polisi, nalo hupita katika mikono mingi. Karatasi moja kwenye ubao mlangoni mwa gereji yatosha: oili, maji ya rejeta, betri, upepo wa magurudumu, nati, breki; na kila mstari uwe na saini ya aliyekagua kwa macho yake. Alama inayotiwa kwa mazoea, kabla boneti haijafunuliwa, ni mbaya kuliko karatasi tupu, maana humdanganya anayekuja. Mistari isizidi kumi. Orodha ndefu haisomwi na mtu mwenye usingizi. Na mstari ulio mkubwa kupita yote ndio usahaulikao: ni kitu gani kimefunguliwa na hakijafungwa? Hapo iandikwe hata nati moja, na anayetoka amwonyeshe mpokeaji kwa kidole.

Nyumbani nako kuna zamu, ingawa hakuna anayeziita hivyo. Kijana hufungua jiko la mafuta ya taa ili akate tambi, akaitwa dukani. Jioni dada yake ndiye awashaye. Kikaratasi chenye maneno “Tambi bado” kiwekwe juu ya jiko, na aliyezitoa tambi ndiye akiondoe, si mwingine.