SURUA SI UGONJWA MDOGO: MLETE MTOTO MAPEMA

Mama mpendwa, umekuja leo kupimisha mtoto. Wakati unangoja zamu yako, soma habari hii. Kama mwenzako aliye karibu nawe hajui kusoma, msomee kwa sauti.

Hapa Mbau, na katika vijiji vyote vya barabara ya Beni kwenda Oicha, mara nyingi tunasikia maneno haya: "Mutoto yangu anakohoa tu, ni gripi, itaisha." Siku ya nne vipele vinatoka usoni. Ndipo mama anasema: "A, kumbe ni surua. Watoto wote wanapitaka mule." Anakaa nyumbani tena siku tatu. Anapofika kwetu, mtoto anapumua kwa shida, macho yamefunga, na mwili umekauka kwa kuhara.

Mama, si kweli kwamba surua ni njia ya watoto wote. Kumbuka miaka ile ya Ebola. Ugonjwa ule ulitangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018, ukaanzia upande wa Mangina, ukafika Beni na Butembo, ukaisha tarehe 25 Juni 2020. Uliua watu zaidi ya 2,200, na sisi sote tuliogopa. Lakini wakati uleule surua ilikuwa inazunguka Kongo nzima. Ilipotangazwa kwamba imekwisha, mwezi wa Agosti 2020, ilikuwa imeua watu zaidi ya 7,000, na wengi wao walikuwa watoto wadogo. Surua iliua zaidi ya mara tatu, na watu hawakuiogopa.

Tunajua pia kwamba wakati ule wamama wengi waliogopa kuja kituoni. Homa ya surua na macho mekundu vinaweza kufanana na mwanzo wa Ebola, na kila mtu aliogopa kutengwa na mtoto wake. Hofu hiyo hatuicheki. Lakini mtoto wa surua anayefichwa nyumbani anakosa msaada, na anaambukiza watoto wa jirani.

SURUA INAINGIA NAMNA GANI?

Surua inaletwa na kidudu kidogo sana kinachoitwa virusi. Kinaingia kwa njia ya pumzi. Mgonjwa akikohoa au akipiga chafya, virusi vinabaki katika hewa ya chumba hata saa mbili baada ya yeye kutoka. Watu kumi wasio na kinga wakikaa karibu na mgonjwa, tisa wanaweza kuipata.

Virusi vikiingia, mtoto bado anacheza. Baada ya siku kumi hivi, homa inaanza, na kikohozi, mafua, na macho mekundu yenye machozi. Ukichungulia ndani ya mashavu yake, pengine utaona vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Siku tatu au nne baadaye vipele vinatoka nyuma ya masikio na usoni, vinashuka kifuani mpaka miguuni.

Angalia vizuri: mtoto anaambukiza wengine tangu siku nne kabla ya vipele mpaka siku nne baada yake. Ile "gripi tu" ilikuwa tayari surua.

MWILI UNAPIGANA NAMNA GANI?

Mungu ameweka ndani ya damu ya mtoto walinzi wengi. Fikiri shamba lako la kakao. Mlinzi mzuri anajua sura ya mwizi aliyekuja mwaka jana, na akimwona tena anampigia kelele mara moja. Walinzi wa mwili wako hivyo. Wakipigana na kidudu mara moja, wanaweka kumbukumbu yake. Hiyo ndiyo kinga.

Vita ikianza, mwili unapata moto: ndiyo homa. Vipele navyo ni alama ya vita. Walinzi wanashambulia mahali virusi vilipojificha katika ngozi. Wengine husema, "Tusimpeleke mpaka vipele vitoke vyote, sindano itavirudisha ndani." Hapana, mama. Vipele havirudi ndani kwa sababu ya sindano. Mtoto dhaifu sana pengine hatoi vipele vizuri kwa sababu walinzi wake ni wachache, na huyo ndiye aliye katika hatari kubwa.

Sasa sikiliza ubaya wa surua. Virusi vya surua vinashambulia walinzi wenyewe, hasa wale wenye kumbukumbu. Mtoto akipona, mwili wake unaijua surua kwa maisha yote, lakini umesahau magonjwa mengine mengi uliyokwisha kuyashinda. Mwaka 2019 wachunguzi walitoa habari ya watoto waliopimwa damu kabla na baada ya surua. Walikuta kwamba surua ilikuwa imefuta kati ya sehemu 11 na sehemu 73 katika 100 za kinga zao. Ndiyo maana mtoto anaweza kupona surua mwezi wa tatu, halafu mwezi wa sita akafa kwa ugonjwa wa mapafu au kwa kuhara. Watu wanasema amerogwa, kumbe walinzi wake walikuwa bado hawajarudi. Udhaifu huo unaweza kudumu miezi mingi, hata miaka miwili au mitatu.

KAMA HAKUNA DAWA YA KUUA VIRUSI, KWA NINI NIJE MAPEMA?

Swali zuri. Ni kweli, hatuna dawa ya kuua virusi vya surua. Vidonge vya rangi mbili vinavyouzwa sokoni haviui virusi. Antibiotiki inafaa tu ikiwa vidudu vingine vimeingia katika mapafu au masikio, na mganga wa kituo ndiye anayejua kupima jambo hilo. Lakini surua yenyewe siyo inayoua watoto wengi. Wanauawa na yale yanayoifuata: ugonjwa wa mapafu, kuhara na kukauka maji, vidonda vya mdomo vinavyomzuia kula, na bwaki. Hayo yote yanaweza kuzuiwa au kutibiwa ukija mapema. Ukichelewa, tunafanya kazi juu ya mwili uliokwisha nguvu.

Tena kuna dawa moja inayowapa walinzi nguvu: vitamini A. Wakati wa surua mwili unaimaliza upesi, na macho yanaweza kupofuka. Katika hospitali ya misioni ya Mvumi, kule Tanzania, waganga waliwaangalia watoto 180 wa surua, wakatangaza matokeo mwaka 1987. Watoto 88 walipewa vitamini A nyingi siku mbili mfululizo, wakafa 6. Watoto 92 walipata matunzo ya kawaida bila vitamini hiyo, wakafa 12. Faida ilionekana zaidi kwa watoto wasiofikisha miaka miwili.

Leo kila mtoto wa surua anastahili kupewa vitamini A siku anayofika, na mara ya pili siku inayofuata. Kipimo kinafuata umri wake. Mtoto mwenye ugonjwa wa macho anapewa tena baada ya wiki mbili mpaka nne. Usikose kurudi siku ya pili! Lakini usinunue mwenyewe na kumpa ovyo, kwa maana ikizidi inadhuru.

NYUMBANI UFANYE NINI?

1. Endelea kumnyonyesha, mara nyingi kuliko zamani. Mgonjwa anachoka upesi, basi ananyonya kidogo kidogo.

2. Mpe chakula laini mara tano au sita kwa siku: uji, ndizi zilizopondwa, maharagwe yaliyochujwa, yai, samaki. Tia kijiko cha mawese mekundu. Rangi ile nyekundu ina vitamini A, pia ile ya papai, embe, na majani mabichi kama sombe na lengalenga. Usimnyime mafuta wala nyama kwa sababu ya surua. Mwenye vita anahitaji chakula.

3. Mpe maji safi ya kunywa. Akihara, mpe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko visijae kupita kingo. Uliza kituoni pia vidonge vya zinki.

4. Safisha macho kwa kitambaa safi na maji yaliyochemshwa yakapoa. Usitie macho maji ya majani, wala mkojo, wala dawa ya jirani. Macho mengi yamepofuka kwa njia hiyo.

5. Suuza mdomo kwa maji yenye chumvi kidogo.

6. Mwogeshe mtoto. Usimfunike vikwembe vitatu wakati ana homa. Nguo nyepesi moja inatosha.

7. Usimwingizie maji ya majani kwa njia ya choo. Yanamaliza maji ya mwili na kuumiza matumbo.

ALAMA ZA KUKIMBIA HOSPITALI, HATA USIKU

- Anapumua mbio. Mtoto akitulia, tazama tumbo lake na uhesabu pumzi kwa dakika moja kwenye saa ya simu. Kwa mtoto wa miezi 2 mpaka 11, pumzi 50 au zaidi ni mbaya. Kwa mtoto wa mwaka 1 mpaka 5, pumzi 40 au zaidi ni mbaya.
- Mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, au koo linapiga sauti kama ya jogoo.
- Hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu.
- Anasinzia tu, haamki vizuri, au ameshikwa na degedege.
- Jicho limekuwa na weupe au ukungu.
- Anahara damu, au macho yameingia ndani kwa kukauka.

Ukifika na mtoto mwenye homa na vipele, usiingie katika mstari na wamama wengine. Simama nje, mtume mtu amwite mganga. Hatukufukuzi, mama. Tunawalinda watoto wa wenzako, nawe utapokelewa upesi.

KINGA NI CHANJO

Mtoto akizaliwa anabeba kinga kidogo kutoka damu ya mama yake. Kinga hiyo inapungua mwezi kwa mwezi. Tukichanja mapema mno, kinga ya mama inaizuia chanjo kufanya kazi. Tukichelewa, surua inamkuta mtoto mtupu. Ndiyo sababu tunasema: miezi 9. Surua ikiwa imeingia kijijini, tunaweza kuchanja hata wa miezi 6, halafu anachanjwa tena. Dozi mbili ndizo kinga kamili. Muulize mganga siku ya dozi ya pili, aiandike katika fishi.

Chanjo inawaonyesha walinzi sura ya surua bila kuwaua. Kwa wiki mbili hivi mwili unatengeneza kinga. Pengine mtoto atapata homa kidogo au vipele vichache, vinapita. Na kama mtoto asiyechanjwa amelala chumba kimoja na mgonjwa leo, usikate tamaa. Mlete kabla siku tatu hazijaisha, maana chanjo inaweza bado kumsaidia.

Tunajua shida za kwetu. Familia nyingi zimekimbia vita, zimeacha mashamba, zimelala kwa watu Oicha, Beni na Butembo. Mahali watu wamejaa nyumba moja, surua inakimbia kama moto wa kiangazi. Kwa hiyo ifunge fishi ya mtoto katika mfuko wa nailoni, uiweke pamoja na kikwembe unachokamata kwanza wakati wa kukimbia. Ukifika mahali pageni, uliza kituo cha afya kiko wapi. Fishi ikipotea, njoo tu. Kuchanjwa mara nyingine hakumdhuru mtoto.

MAMA, SHIKA MANENO HAYA

Kikohozi, mafua, macho mekundu na homa: usingoje vipele.
Vitamini A siku ya kwanza na siku ya pili.
Maziwa, maji na chakula kila siku ya ugonjwa, na mlo mmoja wa kuongeza kwa wiki nyingi baada ya kupona.
Mtoto aliyepona surua aje kupimwa kilo kila mwezi. Akikohoa au akihara tena, usiseme "surua imekwisha." Mlete.
Chanjo kwa miezi 9, na dozi ya pili.

Ukifika nyumbani, mwambie baba wa mtoto habari hii, na nyanya yake pia, kwa maana mara nyingi wao ndio wanaosema "tungoje kidogo". Mungu awalinde watoto wetu, na sisi tufanye kazi yetu mapema.