Walibora na Deni Letu Sisi wa Visiwani

Sisi wakazi wa visiwa hivi tunayo mazoea ya siku nyingi ya kujigamba kwamba Kiswahili ni chetu. Majigambo hayo hayakosi msingi, kwani katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyochaguliwa iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Hata hivyo, mwandishi wa makala haya alipomwuliza kijana mmoja wa skuli huko Wete ni riwaya gani aliyoisoma akaipenda kuliko zote, kijana hakutaja kitabu cha Unguja wala cha Pemba. Alitaja Siku Njema, kazi ya marehemu Ken Walibora.

Nani huyo Walibora? Hakuwa mtu wa mwambao. Alizaliwa katikati ya miaka ya 1960 huko magharibi ya Kenya, miongoni mwa Wabukusu, na akakulia upande wa Kitale, mamia ya kilomita kutoka baharini. Jina la ukoo wake ni Waliaula, na kwenye vitabu akajiita Walibora. Kiswahili hakukinyonya kwa mama yake, bali alikisomea na kukitumikia mpaka kikamtii.

Siku Njema ilitoka mwaka 1996. Ndani yake tunamkuta kijana wa Tanga, Msanifu Kombo, ambaye mama yake, mwimbaji wa taarabu, anafariki dunia na kumwacha katika dhiki. Kijana huyo anafunga safari kwenda kumtafuta baba asiyemjua, na safari hiyo inamfikisha Kitale. Ndugu msomaji, ilitazame jambo hili kwa makini. Mtu wa bara alipotaka kuandika riwaya yake ya kwanza, alianzia pwani, kwenye taarabu na adabu zetu, kisha akamwongoza shujaa wake hadi nyumbani kwake mwenyewe. Maelfu ya wanafunzi wa Kenya walikisoma kitabu hicho, na wengi wao hawajapata kuiona bahari.

Mwaka 2001 alitoa Ndoto ya Amerika, hadithi fupi ya wavulana wawili, Isaya na Madoa, wanaoshikwa na wazimu wa kwenda Marekani. Baadaye yeye mwenyewe alikwenda huko, ila yeye hakwenda kwa ndoto. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Ohio State, akafundisha Chuo Kikuu cha Wisconsin, kisha akarejea kwao. Wakenya walimjua pia kwa sauti yake katika taarifa ya habari ya televisheni, na kwa makala zake katika gazeti la Taifa Leo.

Lakini kitabu ambacho tungependa kila ofisa anayeshughulikia elimu na utamaduni akisome ni Kidagaa Kimemwozea, kilichotoka mwaka 2012. Humo yumo kijana Amani, mchunga ng'ombe, ambaye muswada wa riwaya yake unaangukia mikononi mwa Mwalimu Majisifu, mtu mzima mwenye cheo na sifa, naye anauchapisha kwa jina lake. Je, hapa kwetu hatuna akina Amani? Tunao. Wapo vijana wenye madaftari yaliyojaa hadithi, wanaoyapeleka ofisini na kuambiwa warudi wiki ijayo, na wiki hiyo haifiki. Hawaibiwi, hilo tunakiri. Wanasahauliwa tu, na kwa mwenye kuandika tofauti ya mambo hayo mawili ni ndogo.

Visiwa hivi havikuwa tasa. Muhammed Said Abdulla alitupa Bwana Msa, Mohamed Suleiman akatupa Kiu mwaka 1972 na Nyota ya Rehema mwaka 1976, na Adam Shafi akatupa Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978. Tunawataja kila penye sherehe ya Kiswahili. Swali letu kwa wakubwa wetu ni hili: kijana wa miaka kumi na mitano aliyepo Micheweni au Makunduchi atavipata wapi vitabu hivyo leo, na ni nani aliyeandika kwa ajili ya umri wake? Tunaomba rafu moja ya riwaya katika kila skuli, na mtu mmoja, mwenye jina na meza inayojulikana, wa kupokea miswada ya vijana na kuijibu kwa maandishi.

Walibora aligongwa na gari jijini Nairobi mwezi wa Aprili 2020. Jamaa na marafiki walimtafuta kwa siku kadhaa, wasijue kwamba mwandishi ambaye nchi nzima ilimsoma amelazwa katika chumba cha maiti. Mwenyezi Mungu awape subira aliowaacha.

Kijana wa Wete bado anayo nakala yake ya Siku Njema. Jalada limekwisha kutoka, na wenzake saba wameshaandika majina yao katika ukurasa wa mwisho, wakingoja zamu.