Fahamu: Namna ya kupunguza taka nyumbani

Taka nyingi za Dar es Salaam huishia dampo la Pugu Kinyamwezi, Ilala. Kwa kaya ya Bunju, Kinondoni, au Mbagala, Temeke, huko ni mbali, na gari likichelewa viroba hurundikana na mifereji huziba.

Ndani ya kiroba kuna nini?

Zaidi ni mabaki ya jikoni: maganda ya ndizi na viazi, mashina ya mchicha, machicha ya nazi. Yakichanganywa na vingine huoza, huchafua karatasi na chupa zilizofaa kuuzwa, na yakifika dampo huzalisha gesi ya methani.

Nini kimefanyika?

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019. Huko Mabwepande, Manispaa ya Kinondoni ina kiwanda cha mboji kinachotumia taka za masokoni, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, Ujerumani.

Uanzie wapi?

Weka ndoo mbili. Ya kwanza ni ya mabaki: yamwage shimoni au kwenye pipa lililotobolewa, funika kwa majani makavu, nyunyizia maji na ugeuze kila wiki. Baada ya miezi michache utapata mboji ya bustani. Nyama na samaki usiweke, huvuta panya.

Ya pili ni ya chupa na makopo. Suuza, kausha, kisha wauzie wanunuzi wa chuma chakavu na plastiki mtaani.

Plastiki usichome: moshi wake una sumu. Anza leo na ndoo hizo mbili.