Uchanganuzi, uchocheaji na nano: maneno matatu ya kemia na maji ya Meru

Matangazo ya mikutano ya kimataifa ya kemia hupenda kutaja mada tatu kwa pamoja: uchanganuzi, uchocheaji na sayansi ya nano. Anayetakiwa kuyatoa matangazo hayo kwa Kiswahili hukwama mara tatu. Mada ya kwanza ina maneno mengi mno. Ya pili ina neno moja lililobebeshwa kazi nyingi. Ya tatu haina neno, ina kipande cha neno la kigeni kinachofanana kwa sauti na majina ya namba zetu.

Makala haya yanaeleza maneno hayo na jamaa zake kwa kutazama mahali pamoja ambapo hutumika kila siku: Tengeru, mashariki ya jiji la Arusha, chini ya Mlima Meru. Hapo ndipo ilipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011. Hapo pia, na katika vijiji vingi vinavyouzunguka mlima, maji ya baadhi ya chemchemi, visima na mito yana floridi nyingi, kwa sababu yamepita katika miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Kuna vyanzo vya Meru vinavyozidi kiasi hicho mara kadhaa. Mtoto anayekunywa maji hayo meno yake huota yakiwa na madoa ya kahawia. Akiendelea kuyanywa kwa miaka mingi, mifupa hukakamaa, na wengine hupata matege. Neno la maabara likikosewa hapa, kosa hilo hufika mezani pamoja na jagi la maji.

Uchanganuzi, uchambuzi, upimaji

Kitenzi *changanua* ni kinyume cha *changanya*. Jozi hii ni ya aina ile ile ya *funga* na *fungua*, *ziba* na *zibua*, *kunja* na *kunjua*: irabu *u* karibu na mwisho wa kitenzi hulirudisha tendo nyuma. Anayechanganya huweka vitu pamoja. Anayechanganua huvitenga ili ajue kila kimoja ni nini. Hiyo ndiyo kazi ya mkemia anayepewa chupa ya maji na kuulizwa ndani yake mna nini.

*Chambua* ni kuondoa kisichotakiwa ili kibaki kinachotakiwa, kama anayechambua pamba au mboga. Kutokana na maana hiyo, *uchambuzi* umehamia katika fasihi, siasa na habari: uchambuzi wa riwaya, uchambuzi wa bajeti. Mchambuzi huchagua na kutoa hukumu. Mchanganuzi wa maji hana ruhusa ya kuchagua. Kila kilichomo lazima kitajwe.

*Upimaji* una mpaka wake pia. Kuna swali la "ni kitu gani?" na swali la "ni kiasi gani?". Uchanganuzi wa kemikali hujibu yote mawili. Upimaji hujibu la pili tu. Kwa hiyo:

– *Uchanganuzi wa sampuli ulionyesha kuwa maji yana floridi, kloridi na bikaboneti.*
– *Upimaji ulionyesha miligramu 9 za floridi katika kila lita.*
– *Uchambuzi wa takwimu za miaka kumi ulionyesha kuwa kiasi hicho hupanda wakati wa kiangazi.*

Sentensi hizi tatu ni mifano ya matumizi tu. Zinaonyesha kwamba maneno haya yanaweza kukaa katika ripoti moja bila kugombana, ikiwa kila moja litabaki kwenye zamu yake.

Jina la kinachopimwa nalo lina fujo. Huandikwa *fluoridi*, *floraidi*, *floridi*, na mara nyingi *madini ya floraidi*. Kwa kuwa tumezoea *klorini* na *kloridi*, mfano huo unatupa *florini* na *floridi*, na ndio tunaoupendekeza. Ama neno *madini*, linafaa kwa jiwe lenye floridi ndani yake. Kwa kitu kilichokwisha kuyeyuka majini linapotosha, hasa kwa kuwa msikilizaji wa Kitanzania akisikia "maji yenye madini" huweza kudhani anasifiwa kisima chake.

Kichocheo, uchocheaji, wala si uchochezi

*Chochea* kwa asili ni kusogeza kuni motoni ili moto uwake zaidi. Kemia imelichukua neno hili kwa kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kwisha: *kichocheo*, wingi *vichocheo*. Taswira inafaa, ila tuisome vizuri. Kichocheo cha kemia si ukuni, kwa kuwa ukuni huteketea. Kinafanana na mkono uusogezao ukuni: kazi ikiisha, mkono upo vile vile, tayari kwa ukuni mwingine. Chuma hufanya kazi hiyo viwandani pale naitrojeni na haidrojeni zinapounganishwa kuwa amonia, ambayo hutengenezewa mbolea.

Tatizo la *kichocheo* ni wingi wa wateja wake. Waandishi wa afya hulitumia kwa homoni ("vichocheo vya mwili"). Walimu wa biolojia hulitumia kwa kitu kinachomfanya kiumbe aitikie, kama mwanga au mguso. Waandishi wa uchumi hulitumia kwa chochote kinachokuza biashara. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 iliyaweka masomo hayo matatu katika jalada moja, na jambo hilo linatukumbusha kwamba istilahi ya fani moja haina budi kupishana na ya fani jirani. Ushauri wetu ni huu: homoni iitwe *homoni*; kichocheo cha asili kilichomo katika viumbe hai kiitwe *kimeng'enya*; na katika maandishi ya kemia *kichocheo* kiachiwe maana yake ya kuharakisha mmenyuko.

Tofauti ya kichocheo na kimeng'enya haihitaji maabara kuielewa. Katika utengenezaji wa mbege, kinywaji cha ndizi na ulezi kinachojulikana Kilimanjaro na Meru, ulezi huoteshwa kwanza uwe kimea. Ndani ya kimea mna vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Kimea chenyewe si kichocheo, kwa kuwa huliwa na kazi. Vimeng'enya vilivyomo ndiyo vichocheo. Kila kimeng'enya cha namna hii ni kichocheo, lakini si kila kichocheo ni kimeng'enya.

Jina la tendo linahitaji uangalifu zaidi. Mfasiri wa haraka huandika *uchochezi*, na hapo huingia katika lugha ya mahakama, kwa maana *uchochezi* ni kosa la jinai. Kongamano la "kemia ya uchochezi" lingewashtua wasomaji wa tangazo. Sarufi inatupa njia: kiambishi *-aji* hutaja mchakato wenyewe, kama katika *upimaji* na *ufyonzaji*. Kwa hiyo *uchocheaji* ndio utumike kwa tendo la kemia, na *uchochezi* ubaki kwa wanasheria.

Nano hukaa wapi?

*Nano* imetoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya kibete. Mwaka 1960 iliingizwa rasmi katika mfumo wa kimataifa wa vipimo kwa maana ya sehemu moja ya bilioni. Nanomita moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni.

Katika majina ya vipimo hakuna ugumu. Tulikwisha kupokea *kilomita*, *sentimita* na *milimita* zikiwa nzima, hivyo *nanomita* inaingia mlangoni bila kubisha. Ugumu huanza pale nano inapoungana na nomino ya Kiswahili. *Nanochembe* inaanza na kivumishi, kinyume cha utaratibu wetu wa kutanguliza nomino. *Chembe nano* inasikika kama hesabu, ndugu wa *chembe tano* na *chembe nane*. *Chembe ya nano* nayo inakaribia *chembe ya nane*, yaani ile inayofuata ya saba. *Teknolojia ya nano* na *sayansi ya nano* zimekwisha kuenea na hazina utata, kwa sababu hakuna anayezihesabu teknolojia kwa mpangilio huo. Kwa vitu vinavyohesabika tunapendekeza urefu kidogo kwa ajili ya uwazi: *chembe za kiwango cha nano*.

Kwa nini udogo huo uwe na maana kwa mnywaji wa maji? Chukua mche mraba wenye upande wa sentimita 1. Nyuso zake sita zina jumla ya sentimita za mraba 6. Ukatekate kuwa miche ya milimita 1: utapata miche 1,000, na jumla ya nyuso zake ni sentimita za mraba 60. Ukiweza kuikata hadi upande wa nanomita 1, kitu kile kile kitakuwa na nyuso zenye jumla ya mita za mraba 6,000, karibu sawa na uwanja wa mpira. Mmenyuko mwingi hutokea usoni mwa kitu, na uso mkubwa hutoa nafasi nyingi.

Fikra hiyo ilitumika Tengeru. Mwaka 2015 Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali katika Taasisi ya Nelson Mandela, alipata tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi, iliyotolewa kwa mara ya kwanza na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Kifaa chake huunganisha mchanga na vitu vya kiwango cha nano, na huweza kurekebishwa kulingana na uchafu uliopo katika maji ya mahali husika.

Kuchuja na kunasa

Kifaa cha aina hii huitwa *chujio*, na hapa ndipo neno linapoweza kudhuru. Chujio tunalolijua, la chai au la tui, huzuia kilicho kikubwa kuliko tundu zake. Floridi iliyoyeyuka haizuiliki hivyo. Huondolewa kwa kugandamana na uso wa kitu kingine, kama vile mkaa wa mifupa, ambao umefanyiwa utafiti kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, jirani na Tengeru. Kitendo hicho ni tofauti na *ufyonzaji*, ambamo kitu huingia ndani, kama maji yaingiavyo katika sifongo. Kinafanana zaidi na ulimbo: ndege hunata juu yake. Kwa jambo hili tunapendekeza *unasaji*, kutokana na *nasa*.

Faida ya pendekezo hili ni ya vitendo. Chujio likijaa, mtumiaji huona: maji hupungua kasi. Kinasio kikijaa hakitoi dalili yoyote. Maji huendelea kutiririka, meupe kama jana, na floridi hupita nayo. Mwenye nyumba aliyeambiwa ana chujio atasubiri lizibe. Aliyeambiwa ana kinasio atauliza kinajaa lini, na hilo ndilo swali litakalomlinda mwanawe.

Safi na salama

Msemo *maji safi na salama* umezoeleka hata maneno yake mawili yakadhaniwa kuwa moja. *Safi* huonekana kwa jicho. *Salama* hujulikana kwa uchanganuzi. Kata ya Maji ya Chai, karibu na Tengeru, ina jina la mto wake, na jina hilo linataja rangi ya maji. Watafiti wamepima mto huo na kukuta floridi nyingi; hata hivyo floridi haina rangi, harufu wala povu, na chemchemi angavu inaweza kuwa nayo kwa wingi.

Vivyo hivyo kwa agizo "chemsha maji yawe salama". Ni agizo la kweli dhidi ya vijidudu, na liendelee kufuatwa. Kwa floridi halisaidii: mvuke hupanda, floridi hubaki, na maji yaliyosalia sufuriani huwa nayo zaidi kwa kila lita. Tangazo la afya linaloandikwa kwa ajili ya Meru linapaswa kusema *salama dhidi ya nini*.

Muhtasari wa matumizi

– *uchanganuzi*: kutenga na kutambua vilivyomo, *upimaji*: kutafuta kiasi, *uchambuzi*: wa maandishi, hoja na takwimu.
– *kichocheo*, *uchocheaji*: kemia; *kimeng'enya*: kichocheo cha viumbe hai; *uchochezi*: sheria.
– *nanomita*, *sayansi ya nano*, *chembe za kiwango cha nano*.
– *kuchuja*: kuzuia kwa tundu; *kufyonza*: kuingiza ndani; *kunasa*: kushika usoni (pendekezo).
– *floridi*, ngeli ya I-, bila *madini* mbele yake.